HESABU ZA SAFARI: BUKOBA HADI DAR ES SALAAM KWA NDEGE



Siku hizi si ajabu mtu wa Kimwani kupanda ndege. Zamani tulisema ndege ni ya wakubwa. Leo utamkuta mama anampeleka mtoto hospitali Dar es Salaam. Utamkuta mzee anawahi mazishi ya ndugu yake. Wote hao huuliza swali moja: "Ni mbali kiasi gani, na nitachukua muda gani?"

Jibu wanalopewa mara nyingi ni fupi: "Aa, masaa mawili tu!"

Jibu hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Mtu akilishika hivyo hivyo anaweza kuachwa na ndege. Nauli ikapotea, na siku ya matibabu ikapita. Katika somo hili tutapima safari hiyo sisi wenyewe. Chukua kalamu, karatasi, uzi na rula. Hesabu zenyewe ni zile zile za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tulizojifunza kisomoni.

1. KUPIMA UMBALI KWA UZI

Ndege haifuati barabara. Haizunguki ziwa wala mlima. Kwa hiyo umbali wa ndege ni mfupi kuliko umbali wa basi.

Tafuta ramani ya Tanzania. Shule ya msingi huwa nayo ukutani. Pembeni mwa ramani pameandikwa kipimo chake. Tuseme kipimo kinasema kwamba sentimita 1 ya ramani ni kilomita 50 za ardhini.

Weka ncha moja ya uzi Bukoba. Vuta uzi mpaka Dar es Salaam, unyooke vizuri. Upime uzi huo kwa rula. Utapata kama sentimita 20 na nusu. Sasa zidisha:

20.5 x 50 = 1,025

Basi kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,025. Ndege yenyewe huweza kupinda kidogo kufuata njia zake za angani, lakini si sana.

Na kwa barabara? Basi hupita Muleba, Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Hizo ni karibu kilomita 1,400. Toa: 1,400 - 1,025 = 375. Basi linatembea kilomita 375 zaidi kwa sababu ya kuzunguka.

Safari ya Mwanza inaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Pima uzi kutoka Bukoba hadi Mwanza. Utapata sentimita 3 na nusu, yaani kilomita 175. Lakini kwa gari ni zaidi ya kilomita 400, maana gari lazima lizunguke ziwa kupitia Chato na Geita. Hata daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, halikuufupisha mzunguko huo sana. Lilichoondoa ni kungoja kivuko. Hapo tayari tunaona kwamba umbali ni kitu kimoja, na muda ni kitu kingine.

Ukitaka, vuta uzi pia hadi Entebbe, Uganda. Utaona ni kama kilomita 170 tu. Kwa ndege, Bukoba iko karibu na Entebbe sawasawa na ilivyo karibu na Mwanza.

2. KUTOKA UMBALI HADI MUDA

Kanuni ni hii:

Muda = umbali, gawanya kwa mwendo.

Ndege zinazotua Bukoba ni za pangaboi. Njia ya kurukia pale ni fupi, kama kilomita moja na nusu, na mwisho wake ni ziwa. Ndege kubwa za jeti huhitaji njia ndefu zaidi, kama ya Mwanza ambayo imepita kilomita 3. Kwa hiyo jeti hazitui Bukoba.

Ndege ya pangaboi haitembei kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ikipanda huenda polepole, ikiwa juu huenda kasi, ikishuka hupunguza. Tukichanganya yote tunapata mwendo wa wastani. Kwa hesabu yetu tuchukue kilomita 500 kwa saa.

1,025 gawanya kwa 500 = 2.05

Je, hizo ni saa 2 na dakika 5? Hapana! Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Saa moja ina dakika 60, si 100. Ile 0.05 lazima uizidishe kwa 60:

0.05 x 60 = 3

Kwa hiyo ni saa 2 na dakika 3. Kwa njia hiyo hiyo, masaa 2.5 si saa 2 na dakika 50. Ni saa 2 na nusu, yaani dakika 30.

Sasa tuangalie basi. Tuseme mwendo wake wa wastani ni kilomita 60 kwa saa:

1,400 gawanya kwa 60 = saa 23 na dakika 20

Na hapo hatujahesabu kusimama kula chakula wala tairi kupasuka.

3. NDEGE IKIPITIA MWANZA

Ndege nyingine huenda Dar es Salaam moja kwa moja. Nyingine hupitia Mwanza. Mtu husema, "Mimi sitaki ya kuzunguka Mwanza, inaongeza njia." Je, ni kweli?

Rudi kwenye ramani. Vuta tena uzi kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam. Tazama unapita wapi. Unavuka ziwa, unapita Mwanza pale pale, unaelekea Babati, kisha unashuka hadi pwani! Pima vipande viwili:

Bukoba hadi Mwanza: kilomita 175
Mwanza hadi Dar es Salaam: kilomita 850
Jumla: kilomita 1,025

Umeona? Umbali ni ule ule. Mwanza iko njiani. Lakini muda si ule ule. Hebu tuhesabu.

Bukoba hadi Mwanza tuseme ni dakika 40. Kipande hiki ni kifupi. Ndege haijakaa sawa juu, tayari inaanza kushuka. Hapo mwendo wake wa wastani ni mdogo.

Kusimama Mwanza, abiria washuke na wengine wapande: tuseme dakika 30.

Mwanza hadi Dar es Salaam: 850 gawanya kwa 500 = 1.7, yaani saa 1 na dakika 42.

Jumlisha: dakika 40 + 30 + 102 = dakika 172. Hizo ni saa 2 na dakika 52.

Kwa hiyo ndege inayopitia Mwanza haiongezi njia, inaongeza muda. Katika mfano wetu imeongeza dakika 49. Unapokata tiketi uliza: "Inakwenda moja kwa moja au inasimama njiani?"

4. SAA YA TIKETI SI SAA YA KWETU

Sehemu hii isome mara mbili.

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Tiketi ya ndege inahesabu kuanzia usiku wa manane, kutoka 00:00 hadi 23:59. Mtu akiona 08:00 kwenye tiketi akasoma "saa nane", ataondoka nyumbani asubuhi kwa raha zake na kufika kiwanjani mchana. Kumbe ndege iliondoka saa 2 asubuhi.

Kanuni ya kugeuza ni hii:

Kuanzia 07:00 hadi 18:00, toa 6.
07:00 ni saa 1 asubuhi.
08:00 ni saa 2 asubuhi.
12:00 ni saa 6 mchana.
14:00 ni saa 8 mchana.
18:00 ni saa 12 jioni.

Kuanzia 19:00 hadi 23:00, toa 18.
20:00 ni saa 2 usiku.
23:00 ni saa 5 usiku.

Kuanzia 00:00 hadi 06:00, jumlisha 6.
00:00 ni saa 6 usiku.
05:00 ni saa 11 alfajiri.
06:00 ni saa 12 asubuhi.

Dakika haziguswi. 14:20 ni saa 8 na dakika 20 mchana.

Angalia na siku pia. Kwenye tiketi siku mpya huanza saa 6 usiku. Ikiandikwa Jumatano 00:30, maana yake ni saa 6 na nusu ya usiku wa kuamkia Jumatano. Lazima ufike kiwanjani Jumanne usiku. Ukienda Jumatano usiku, umechelewa siku nzima.

5. SAFARI HUANZIA MLANGONI KWAKO

Sasa tuweke hesabu zote pamoja. Tuseme mama mmoja wa Kimwani ana mtoto mwenye ugonjwa wa moyo. Daktari amempa barua ya kwenda kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Anatakiwa Jumatano saa 2 asubuhi. Ndege yake ni ya Jumanne, na tiketi inasema 14:00. Ndege hiyo inapitia Mwanza. Aondoke nyumbani saa ngapi?

Tunahesabu kwa kurudi nyuma.

Ndege inaondoka saa 8 mchana. Inampasa kufika kiwanjani masaa 2 kabla, ili mizigo ipimwe na kukaguliwa. Basi awe Bukoba kiwanjani saa 6 mchana.

Kutoka njia panda ya Kyamyorwa hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 100. Gari husimama Muleba na vituoni. Tuseme masaa 3. Basi apande gari saa 3 asubuhi.

Kutoka nyumbani hadi barabara ya lami kwa pikipiki, na kungoja gari: saa 1. Basi atoke saa 2 asubuhi.

Tunaongeza saa 1 ya akiba. Mvua inaweza kunyesha, gari linaweza kuharibika. Basi atoke nyumbani saa 1 asubuhi.

Na upande wa pili je? Ndege inaondoka saa 8 mchana, inachukua saa 2 na dakika 52. Inatua Dar es Salaam saa 11 kasoro dakika 8 jioni. Kungoja mizigo na kwenda kwa ndugu mjini, magari yakiwa mengi barabarani, tuseme masaa 2. Mama atafika kwa mwenyeji wake saa 1 kasoro dakika 8 jioni.

Kutoka saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni ni masaa 12. Katika hayo, masaa ya ndege hayafiki 3. Masaa 9 yaliyobaki ni ya pikipiki, gari, kungoja, kukaguliwa na foleni. Hayo hayaandikwi kwenye tiketi, lakini ndiyo yanayomwachisha mtu ndege.

Sasa linganisha na basi. Mtu wa Kimwani anayekwenda kwa basi hana haja ya kurudi Bukoba. Basi la Dar es Salaam linampitia njiani. Kutoka Kyamyorwa safari yake ni kama kilomita 1,300. Ukigawanya kwa 60 unapata karibu masaa 22. Ongeza ile saa 1 ya kufika barabarani na masaa 2 ya mapumziko njiani. Jumla ni masaa 25.

25 - 12 = 13

Ndege imemwokolea masaa 13. Haikumwokolea masaa 23, kama yule anayesema "ni masaa mawili tu". Chukua nauli ya ndege, toa nauli ya basi. Gawanya tofauti hiyo kwa 13. Hapo utaona kila saa moja uliyookoa umeinunua kwa shilingi ngapi. Kwa mtoto mgonjwa asiyeweza kukaa garini siku nzima, pesa hiyo ina maana. Kwa mtu mzima asiye na haraka, huenda ni bora anunue bati la nyumba.

Kuna wanaouliza kuhusu viwanja vingine. Kiwanja cha Geita kilichoko Chato kiko karibu na Kimwani kuliko Bukoba. Kiwanja cha Mwanza kina ndege nyingi zaidi, na jeti zinatua, lakini kutoka Kyamyorwa hadi huko ni zaidi ya kilomita 300. Usichague kiwanja kwa ukaribu peke yake. Uliza kwanza kama kina ndege siku unayotaka. Kisha fanya hesabu ya kutoka mlangoni hadi mlangoni kwa kila kiwanja, na uchague.

6. RUBANI AKISEMA TUNGOJE

Kuna muda mmoja ambao hauwezi kuhesabiwa: muda wa hali ya hewa. Kiwanja cha Bukoba kiko ukingoni mwa ziwa. Mvua, ukungu na upepo huja ghafla, hasa nyakati za masika na vuli. Ndege huweza kucheleweshwa, kuzunguka angani ikingoja, au kwenda kutua Mwanza.

Abiria wengine hukasirika na kugomba. Tukumbuke tarehe 6 Novemba 2022. Ndege iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia ziwani karibu na kiwanja cha Bukoba, wakati hali ya hewa ilikuwa mbaya. Watu 19 walikufa. Wavuvi wa pale walikuwa kati ya watu wa kwanza kufika na mitumbwi kuokoa.

Kwa hiyo usipange jambo kubwa saa ile ile ya kutua. Mwenye miadi ya hospitali Jumatano afike Jumanne, au hata Jumatatu. Siku moja ya akiba ni ghali, lakini kuukosa mpango wa daktari ni ghali zaidi.

7. UKIVUKA MPAKA, SAA NAYO HUBADILIKA

Tanzania nzima hutumia saa moja. Ni kweli kwamba jua huchomoza Dar es Salaam karibu nusu saa kabla ya Bukoba, kwa sababu Dar es Salaam iko mashariki. Lakini saa za ukutani zinafanana. Uganda na Kenya pia ni sawa na sisi.

Rwanda je? Waliokwisha kuvuka Rusumo wanajua. Saa ya Rwanda iko nyuma yetu kwa saa 1. Kwetu ikiwa saa 4 asubuhi, kwao ni saa 3.

Mbali zaidi, tofauti huwa kubwa. Wagonjwa wengine hupelekwa India. Shirika letu la ndege lilianza kwenda Mumbai mwaka 2019. Kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai ni kama kilomita 4,700. Jeti huchukua karibu masaa 6. Lakini saa ya India iko mbele yetu kwa saa 2 na nusu.

Tuseme ndege inaondoka Dar es Salaam saa 2 asubuhi. Baada ya masaa 6, saa ya Tanzania ni 8 mchana. Ongeza 2 na nusu. Saa ya Mumbai ni 10 na nusu alasiri. Anayetoa saa za tiketi bila kufikiri atasema safari ni masaa 8 na nusu. Amekosea. Wakati wa kurudi atadhani ni masaa 3 na nusu. Amekosea tena. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za kila mji kwa wakati wake. Kwanza zifanye zote kuwa za nchi moja, ndipo utoe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Wastani: kiasi cha katikati kinachopatikana ukichanganya vikubwa na vidogo.
Pangaboi: panga la injini linalozunguka na kuivuta ndege.
Rubani: mwendeshaji wa ndege.
Miadi: siku na saa mliyopatana kukutana.
Akiba ya muda: muda wa ziada unaouweka kwa ajili ya dharura.

MASWALI

1. Kwenye ramani ambayo sentimita 1 ni kilomita 50, uzi una sentimita 6. Ni kilomita ngapi?
2. Ndege inakwenda kilomita 1,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 400 kwa saa. Itachukua saa ngapi na dakika ngapi?
3. Tiketi inasema 17:00. Kwa saa ya kwetu ni saa ngapi?
4. Tiketi inasema Alhamisi 01:00. Utakwenda kiwanjani siku gani?
5. Hesabu safari yako mwenyewe kutoka mlangoni kwako hadi Dar es Salaam, kwa basi na kwa ndege. Zungumzeni darasani: ni safari zipi zinafaa ndege, na zipi zinafaa basi?

MAJIBU

1. Kilomita 300. 2. Saa 2 na dakika 30. 3. Saa 11 jioni. 4. Jumatano usiku, maana ndege inaondoka saa 7 ya usiku wa kuamkia Alhamisi. 5. Kila mtu ana jibu lake. Liandike na ulihifadhi, litakufaa siku ya safari.